Hela Hii Kitenzi Chake Ni Kipi?

Projekta ya ule ukumbi ilikuwa na ugonjwa wa rangi. Kila nilichokipaka kijani kwenye laptopu kilitokea ukutani kikiwa cha njano. Sikujali. Nilikuwa na pau zangu, moja kwa kila mwaka, zikipanda kama ngazi, na juu yake nimeandika kwa herufi kubwa: fedha zilizoletwa kwenye kilimo cha Tanzania na taasisi za fedha za maendeleo za nje, yaani yale mabenki na mashirika yanayokopesha na kuwekeza kwa lengo la maendeleo. Mbele yangu walikaa viongozi wa vyama vya ushirika vya msingi, AMCOS, kutoka wilaya za mkoa wa Dodoma, wengi wao wakulima wa alizeti, jicho moja kwangu na jingine kwenye mlango unakotokea chai.

Usiku wa kuamkia siku hiyo nililala saa nane. Nilinunua bando la usiku, nikafungua dashibodi, zile kurasa za takwimu za mtandaoni, za taasisi kadhaa, nikachagua "Tanzania", nikachagua "kilimo", nikapakua kila kilichopakulika, nikaunganisha kwenye Excel, nikajumlisha. Jumla ilipotokea nilijiona mtaalamu. Hakuna aliyenifundisha kazi ile. Shirika letu ni dogo, na mtu anayejua kufungua faili lenye mistari elfu tano bila laptopu kuganda ndiye anayeitwa mtu wa takwimu.

Nilipomaliza, mzee mmoja aliyekaa karibu na dirisha akanyoosha mkono. Alikuwa mwenyekiti wa AMCOS ya upande wa Kongwa, mwalimu mstaafu wa Kiswahili. Wenzake wanamwita Mwalimu tu.

"Binti yangu, ahsante kwa michoro. Nina swali dogo. Hela hii kitenzi chake ni kipi?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka, nikidhani ni utani wa walimu. Yeye hakucheka.

"Umeandika 'zilizoletwa'. Kuleta ni kitendo. Kina mtenda, kina mtendwa, kina wakati wake. Nani kaileta, nani kaipokea, na imekwisha kuletwa au italetwa? Kwenye chama changu sijaiona, na sipendi nirudi kuwaambia wanachama kwamba ilipita wakiwa wamelala."

Nikasema nitalifuatilia, jibu ambalo kila afisa analo mfukoni kwa siku ya kukwama. Wakati wa chai nikamfuata. "Shikamoo Mwalimu, lile swali lako..." "Marahaba. Usinijibu leo. Ukinijibu leo utabahatisha."

Nyumbani nikafungua faili upya, na safari hii nikaanza na vichwa vya safu. Ndipo nilipoona nilichokuwa nimekiruka. Kulikuwa na tarehe ya bodi kuidhinisha, tarehe ya kusaini, tarehe ya kufunga mradi. Kulikuwa na kiasi kilichoidhinishwa na, kando yake, kiasi kilichotolewa. Mimi nilijumlisha kilichoidhinishwa, kwa sababu moja tu: ile ndiyo safu iliyojaa. Ya kilichotolewa ilikuwa na mapengo kama mdomo wa mtoto wa darasa la kwanza. Nilipojumlisha hiyo ya pili, ile pau ndefu kuliko zote, ya mwaka wa mwisho, ikabaki kisiki. Na lazima iwe hivyo. Mkopo uliopitishwa na bodi Novemba hauwezi kuwa umeshachimba mfereji Desemba. Ngazi niliyoionyesha ukumbini ilikuwa ngazi ya mikono iliyonyooshwa kupitisha mikopo kwenye vikao vya bodi vya Abidjan, Washington na Luxembourg.

Kuanzia siku hiyo kila namba naiuliza kitenzi chake. Imeidhinishwa? Imesainiwa? Imetolewa? Imedhaminiwa? Imerejeshwa? Kiswahili kinatusaidia sana hapa, maana hatuwezi kusema hela bila kuifanyia kitu. Vichwa vya safu vya wenzetu ni nomino kavu, "kiasi", "thamani", "ahadi", na nomino inaficha mengi.

Mfano ninaowapa watu siku hizi ni wa jirani zetu, mradi wa umeme wa upepo wa Ziwa Turkana. Mitambo 365, megawati 310, karibu na Loiyangalani katika kaunti ya Marsabit. Benki ya Maendeleo ya Afrika ilipitisha mkopo wake wa euro milioni 115 mwaka 2013. Mikataba ya fedha ikasainiwa Nairobi Machi 2014. Mitambo ikawa imesimama yote 2017. Umeme wenyewe ukaingia kwenye gridi Septemba 2018, kwa sababu laini ya zaidi ya kilomita 400 ya kuufikisha Suswa ilichelewa, kampuni ya Kihispania iliyokuwa ikiijenga ikafilisika kazi ikiwa katikati, na Kenya ikajikuta inadaiwa fidia ya umeme usiokuwa na njia ya kupita. Sasa uweke mradi huo kwenye grafu ya miaka. Ni wa 2013, 2014, 2017 au 2018? Dashibodi itauweka mwaka mmoja, bila kusita, na rangi nzuri juu yake.

Ndani ya mradi huohuo kuna mstari mwingine wa benki hiyohiyo, euro milioni 20, ambao mgeni atausoma kama hela ya ziada. Ile ilikuwa dhamana, ya kuwakinga wawekezaji endapo laini ya umeme ingechelewa. Dhamana ni kama mjomba anayesema "kijana akishindwa kulipa, njooni kwangu". Mjomba hajatoa senti. Huwezi kumjumlisha na aliyetoa mkopo, na huwezi kumfuta pia, kwa sababu bila neno lake pengine mkopo usingetoka. Nikaanza kuwa na jedwali la pili la dhamana na bima peke yake. Mikopo nayo nikaitenga na hisa: mkopo unarudi na riba, hisa ni kununua sehemu ya kampuni ukingojea gawio au siku ya kuuza.

Hapo niseme jambo ambalo linanikera. Kwenye semina zetu mambo haya yote yanaitwa "msaada". Mtu anasimama anashukuru kwa msaada wa benki fulani ya maendeleo, kumbe ni mkopo wa riba ya soko kwa kampuni binafsi. Sisemi ni vibaya. Lakini aliyekukopesha humshukuru kama aliyekupa, unamwuliza masharti.

Kosa la pili sikulitambua mwenyewe. Shirika liliniomba nilinganishe fedha za kilimo na za umeme Afrika Mashariki, nikakusanya mistari, nikapata namba ya kutisha. Rafiki yangu aliyeko Nairobi, anayefanya kazi kama yangu, akanipigia simu akicheka: "Mashamba ya upepo Turkana umeyajenga mangapi?" Mradi ule ulikuwa na wakopeshaji na wanahisa wengi: Benki ya Maendeleo ya Afrika, Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, FMO ya Uholanzi, Proparco ya Ufaransa, na kwenye hisa kulikuwa na Norfund ya Norway, Finnfund ya Finland na IFU ya Denmark. Taasisi moja huandika kwenye mstari wake fungu lake tu. Nyingine huandika na gharama nzima ya mradi, karibu euro milioni 623, na asiye makini huichukua hiyo. Nilikuwa nimeichukua gharama nzima mara kadhaa. Loiyangalani kuna shamba moja.

Toka hapo, kabla ya kujumlisha, napanga mistari kwa jina la mradi, kisha nasoma kwa macho, pole pole, kwa sababu majina hayafanani. Kwa mmoja mradi una jina la ziwa, kwa mwingine una jina la kampuni, kwa wa tatu ni herufi nne za kifupi na namba. Mashine haitakuambia kwamba hao watatu ni mtu mmoja. Hii ndiyo sehemu ya kazi inayochosha kuliko zote, na ndiyo inayofanya matokeo yangu yachelewe huku mkurugenzi akiuliza kama intaneti imekatika.

Kosa la tatu lilinitia aibu ya peke yangu, maana hakuna mwingine aliyeliona. Kila siku ya kwenda kwa dada yangu napita Msalato, kaskazini ya mji kwenye barabara ya Arusha, unakojengwa uwanja mpya wa ndege wa kimataifa. Nilijua habari yake magazetini: Desemba 2019 Benki ya Maendeleo ya Afrika ilipitisha zaidi ya dola milioni 270. Nikafungua takwimu za benki ili nihakiki mbinu zangu kwa mradi ninaouona kwa macho. Kwanza sikuupata mmoja, niliona mistari kadhaa. Fedha zilitoka kwenye mifuko mitatu: benki yenyewe, mfuko wake wa nchi zenye kipato kidogo, na mfuko wa Africa Growing Together uliowekewa fedha na China na kusimamiwa na benki. Mifuko mitatu, masharti tofauti, uwanja mmoja. Hilo nililielewa. Lakini jumla bado ilikuja pungufu, na pungufu kwa kiasi kikubwa. Nikatafuta mstari uliopotea kwa siku mbili. Hakukuwa na mstari uliopotea. Pembeni ya kila namba palikuwa na herufi mbili, UA, nami miezi yote ile nilizisoma kama dola. UA ni kipimo cha hesabu cha benki hiyo, kinacholingana na haki maalum za kukopa za Shirika la Fedha la Kimataifa, na UA moja ni dola moja na ushee, ushee wa kama thuluthi hivi au zaidi kutegemea mwaka.

Kwa hiyo ripoti zangu zote za nyuma zilikuwa zimepunjwa kwenye benki moja na kuzidishwa kwenye nyingine, na makosa mawili yalikuwa yamekutana katikati yakapeana mikono. Namba iliyokuwa ikionekana ya kuaminika ilikuwa imetengenezwa na makosa mawili yanayovutana. Nilimwandikia mkurugenzi barua pepe ya kukiri. Alijibu kwa neno moja, "Rekebisha", na mpaka leo sijui alikuwa amekasirika au yuko kwenye mwendokasi.

Swali la Mwalimu la "nani kaipokea" lilinichukua muda mrefu zaidi.

Ukichuja kwa nchi, unaamini umeona kila kinachohusu nchi hiyo. Chukua Benki ya NMB. Nadhani hakuna wilaya Tanzania ambayo mtu hajui rangi zake. Karibu asilimia 35 ya hisa zake zinamilikiwa na Arise, kampuni ya uwekezaji iliyoundwa 2016 na Norfund, FMO na benki ya Kiholanzi ya Rabobank. Arise imesajiliwa Uholanzi, ofisi yake kuu iko Cape Town, na ina hisa kwenye mabenki ya nchi nyingi za Afrika. Serikali ya Norway inapoweka fedha ndani ya Arise, uwekezaji huo ni wa "Afrika". Kwa hiyo unaweza kuchagua Tanzania kwenye kichujio, ukasoma orodha mpaka chini, na usikutane na njia mojawapo kubwa ambayo fedha ya namna hiyo imeingia kwenye maisha ya Watanzania. Mama anayetoa pesa kwenye ATM ya Mpwapwa anagusa sehemu ya mnyororo huo, na kwenye kichujio hayupo.

Mifuko mingi ya uwekezaji nayo husajiliwa Mauritius. Mara ya kwanza kuona Mauritius, kisiwa cha watu milioni moja na kitu, kikiwa na mistari mingi hivyo, nilifikiri wamepata neema ya ajabu. Fedha inapita pale ikielekea kwingine, kwa sababu za kodi na sheria za makampuni. Nikaacha kuchuja kwa nchi mwanzoni. Napakua Afrika yote, "kikanda" ikiwemo, kisha natafuta neno "Tanzania" ndani ya maelezo. Napata takataka nyingi, na ndani yake napata vitu ambavyo kichujio kilivificha.

Sekta ndiyo iliyonifundisha zaidi. Nilipochagua "kilimo" ule usiku wa bando, nilidhani wakulima wote wako humo. Februari 2023 Benki ya Uwekezaji ya Ulaya ilitangaza mikopo ya euro milioni 270 kwa Tanzania kupitia CRDB, NMB na KCB, ikilenga biashara binafsi, wanawake wajasiriamali na uchumi wa buluu. Kwenye orodha ya benki ile, mikopo ya namna hiyo huwekwa kwenye fungu la mikopo ya kupitia mabenki. Haiko kwenye kilimo, haiko kwenye uvuvi, hata kama mwisho wake ni mtumbwi wa Kilwa au shamba la Kongwa. Ukichuja "kilimo" hutaiona. Ukichuja "fedha" utaiona, lakini itakwama kwenye makao makuu ya benki Dar es Salaam. Kutoka hapo kwenda mbele hakuna mstari.

IFC, tawi la Kundi la Benki ya Dunia linaloshughulika na sekta binafsi, ina alama zake kwa wateja wa aina hiyo: FI-1, FI-2, FI-3, kulingana na hatari ya kimazingira na kijamii ya wale ambao benki itawakopesha. Alama inakuambia ukubwa wa hatari. Waliokopeshwa ni akina nani, wapi, kwa riba gani, hukuti. Mabenki yatasema siri ya mteja, na siri ya mteja ni jambo la kweli. Lakini matokeo yake ni kwamba kadiri fedha inavyomkaribia mtu wa chini, ndivyo mwanga unavyozimika. Januari 2023 shirika la Publish What You Fund la London lilipotoa kwa mara ya kwanza orodha ya uwazi ya taasisi hizi, IFC iliongoza upande wa sekta binafsi na Benki ya Maendeleo ya Afrika upande wa mikopo ya serikali. Nilifurahi kuona majina ninayofanya nayo kazi kila siku yako juu. Halafu nikafikiria nilivyosota na hao walio juu, nikawaonea huruma wanaoshughulika na wa chini.

Ramani nazo. Watu wanapenda ramani kuliko kitu chochote. Ukitaka mkutano uamke, weka ramani yenye vitone. Kwenye jukwaa moja nilikuta kitone kikubwa cha mradi kikiwa katikati ya nchi. Nikakuza, nikakuza, mpaka nikafika porini kusini mwa Manyoni, mkoani Singida. Nikakaa nikiwaza ni mradi gani mkubwa hivyo umekwenda kwa tembo bila sisi kusikia. Ulikuwa mradi wa nchi nzima. Aliyeingiza taarifa hakuwa na mahali pa kuuweka, mfumo ukaubandika kwenye kitovu cha Tanzania. Mwandishi mmoja kijana aliniambia alishawahi kupanga safari kwa kufuata kitone cha namna ile, akaokolewa na dereva aliyemwuliza, "Huko unakwenda kwa nani?"

Kinyume chake ni mapengo. Kwenye Excel, kisanduku kitupu ukikijumlisha ni sawa na sifuri. Katika maisha si sawa. Sifuri ni mtu aliyesema "sijatoa". Kitupu ni mtu ambaye hakujibu. Siku hizi vitupu navipaka rangi nyekundu kabla ya kufanya lolote, na zipo taasisi ambazo ukurasa wao ukishapakwa unafanana na shamba la nyanya.

Na tazama takwimu zinaanzia wapi. Mwalimu alianza kazi Njombe, na siku moja nilipomtajia shirika la Uingereza la British International Investment alinyamaza, akauliza lilikuwa linaitwaje zamani. Nikamwambia limebadili jina 2022, kabla ya hapo CDC, na mwaka 1948 lilianzishwa kama Shirika la Maendeleo la Makoloni. "CDC? Wale wa miwati!" akasema. Kampuni ya miwati ya Njombe, TANWAT, ilianzishwa na shirika hilo 1949, miti ikapandwa kwa ajili ya magome ya kutengenezea ngozi. Kwake huu uwekezaji mpya ninaomwonyesha kwa rangi ni mjukuu wa kitu alichokiona tangu akiwa kijana. Dashibodi inaanzia pale kompyuta ilipoanzia. Kabla ya hapo ni giza, na mtu wa umri wangu anaweza kulisoma giza hilo kama mwanzo wa dunia.

Kuna tabia nyingine niliyoipata baada ya kuumia: kila ninachopakua naandika tarehe kwenye jina la faili, na sifuti la zamani. Takwimu hizi zinahaririwa. Mradi unaofungwa huweza kuhamia orodha nyingine, kiasi kikashushwa baada ya sehemu ambayo haikutolewa kufutwa, jina likarekebishwa. Yote hayo ni halali, lakini ripoti yangu ya Machi haitalingana tena na skrini ya Septemba, na mtu akinishambulia sina cha kuonyesha kama sikuweka nakala. Tangu 2008, ulipoanzishwa mpango wa IATI pale Accra wa kuandika fedha za maendeleo kwa mfumo mmoja unaosomeka na kompyuta, taasisi nyingi zimeweka mafaili yao wazi, na humo angalau ahadi na malipo yametengwa: kila muamala una aina yake. Siku nilipogundua hilo nilimtumia Mwalimu ujumbe: "Kumbe wana vitenzi." Akajibu baada ya siku mbili: "Vipo. Ila wameviweka kwenye kabati."

Hata kesi haziko kwenye kabati hilo. Oktoba 2021 mahakama ya mazingira na ardhi ya Meru iliamua kwamba hati za ardhi ya mradi wa Turkana, ekari 150,000, zilipatikana kinyume cha sheria. Kwenye safu ya "hali" niliyokuwa naitazama wakati huo mkopo uliendelea kuwa "hai". Haikuwa uongo. Mkopo ulikuwa hai kweli. Ukitaka habari za ardhi, fungua dirisha jingine, la mahakama au la ofisi za malalamiko. IFC inayo yake, CAO, tangu 1999, na ukurasa wake uko mbali na ule wa uwekezaji. Mimi huwa nafungua yote mawili pamoja, moja kushoto moja kulia. Laptopu inalalamika lakini inakubali.

Mwezi uliopita nilikwenda Kibaigwa, kwenye lile soko la mahindi la barabara ya Morogoro, kisha nikaendelea kwa bodaboda mpaka kwa Mwalimu. Sikubeba projekta. Nilibeba karatasi moja niliyoichapa: miradi kumi na miwili tu, kila mmoja na kitenzi chake, nani katoa, nani kapokea kwanza, na mahali ninapopoteza nyayo. Kwenye mingi nyayo zilipotea palepale, kwenye mlango wa benki ya biashara.

Kabla ya kufika kwake nilipita tawi la benki moja mjini. Nilimwuliza kijana wa mikopo kama anaweza kujua mkopo wa mkulima fulani umetokana na fedha za taasisi gani ya nje. Alinitazama kwa upole, kama anavyotazamwa mtu aliyeuliza maji ya bomba yametoka kwenye wingu lipi. "Dada, hela ikishaingia hapa haina kabila," akasema. "Mimi naangalia dhamana, naangalia kumbukumbu za mauzo, naangalia kama walishawahi kukopa wakasumbua. Makao makuu ndio wanaojua ripoti za wafadhili."

Nikamsimulia Mwalimu. Tulikuwa tumekaa chini ya mwarobaini, mke wake ametuletea karanga. Akaipokea karatasi, akaisoma yote na kalamu nyekundu mkononi, mazoea ya kazi, akanisahihisha mahali pawili nilipoandika "fedha imetolewa" badala ya "fedha zimetolewa". Kisha akanyamaza kwenye safu ya mwisho.

"Kwa hiyo inawezekana iko kwetu na hatuijui."

"Inawezekana, Mwalimu. Na inawezekana haiko."

"Na huwezi kujua kutokea kwenye mashine yako."

"Kutokea kwenye mashine, siwezi. Nikipata mikataba yenu ya mikopo ya miaka mitatu, na riba mliyotozwa, naweza kulinganisha na masharti yaliyotangazwa kule juu. Kama mkopo wa nje ulikuja kwa masharti nafuu na nyinyi mmelipa kama kila mtu, hilo tutaliona."

Akaingia ndani, akatoka na bahasha ya kaki na daftari la mistari. Mikataba ilikuwa mitano, mmoja umeliwa na panya pembeni lakini riba inasomeka. Nikaipiga picha moja moja kwa simu. Nilipomuuliza mkopo wa pembejeo wa msimu huu umefikia wapi, alifungua daftari kwenye ukurasa aliouchora safu mwenyewe kwa rula: tarehe, kiasi, benki, na ya nne ameiandika juu yake "kitenzi". Chini ya safu hiyo, mbele ya tarehe ya wiki iliyopita, palikuwa na neno "umeombwa". Akaliangalia, akalikata kwa ile kalamu nyekundu, akaandika juu yake "unaombwa".

"Wametutaka turudi Jumatatu," akasema, "na muhtasari wa mkutano mkuu wenye sahihi zote."